Nyembe za kunyolea ndevu: bei, ubora na vipele vya shingoni

Mkazi wa Tudor

Assalamu alaykum, na salamu kwenu nyote. Ninafanya kazi katika ofisi ya kupitisha mizigo karibu na bandari ya Mombasa, ambako tunatakiwa kufika tukiwa tumenyoa ndevu, kwa hivyo ninanyoa mara nne kwa wiki. Kwa miaka mingi nilitumia nyembe za plastiki za kutumia na kutupa, ambazo katika duka la mtaani kwetu huuzwa shilingi 40 kila mmoja. Mwaka jana nilihamia wembe wa bei, ule wenye makali matano na kichwa cha kubadilisha, nikiamini kwamba kilicho ghali ndicho kizuri, lakini shingo yangu ikazidi kuharibika. Vipele huanzia chini ya taya, na joto la kaskazi linapopanda, jasho huvichoma na ukosi wa shati huvisugua, hata ikifika saa nne asubuhi vitone vya damu vimeshaonekana kwenye shati jeupe.

Ninaomba wenye uzoefu wanieleze ni wembe wa aina gani unaofaa nywele zinazojikunja, na iwapo bei ya juu inanunua chochote cha maana.

Kinyozi wa Majengo

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nimenyoa watu hapa Majengo tangu mwaka 1997, na shingo kama yako ninaiona karibu kila siku.

Wembe wenye makali mengi umeundwa ili ukali wa kwanza uuvute unywele juu kidogo, na unaofuata uukate kabla haujarudi, kwa hivyo ncha hubaki chini ya usawa wa ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka hilo ni jambo jema, kwa sababu uso hukaa laini muda mrefu. Nywele zetu wengi hukua kwa kujikunja, na ncha iliyokatwa chini ya ngozi hujipinda ikaichoma ngozi kutoka ndani. Nyingine hutoka nje kidogo, ikajikunja na kuingia tena pembeni. Mwili huiona kama mwiba, nawe unaona kipele. Kwa hiyo wembe wako wa bei haukuwa mbovu: ulifanya kazi yake barabara, ila kazi yenyewe haikufai wewe.

Nunua kishikio cha chuma kinachofungwa wembe mmoja wenye makali pande mbili. Ni kifaa cha zamani. Mmarekani King Camp Gillette alipata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1904. Nyembe za kifaa hiki siku hizi zina umbo moja, kwa hivyo uliotoka Japani, Uturuki au Pakistan utaingia katika kishikio hicho hicho, tofauti na vichwa vya makali matano ambavyo kila kampuni hutengeneza vyake.

Mkono nao una sehemu yake. Kabla ya kunyoa, pitisha kiganja shingoni polepole na utambue nywele zinakolalia, kwa maana mashavuni huteremka, lakini chini ya taya mara nyingi huzunguka na kuelekea sikioni. Fuata mwelekeo huo, usirudi kinyume, usiivute ngozi, wala usiukandamize wembe, kwani uzito wa chuma unatosha. Ukimaliza, lowesha kipande cha shabu na ukipitishe polepole: pale kitakapowasha ndipo ulipokwangua kupita kiasi, nawe kesho utapajua.

Tena wembe ni wa mtu mmoja. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na jeraha la kunyolea huwa dogo hata mtu asilione. Usimwazime wembe hata ndugu yako wa tumbo moja.

Mhasibu wa Kisauni

Ndugu Mkazi wa Tudor, mimi ndiye ninayenunua vifaa hivi nyumbani kwetu, na niliwahi kukaa na daftari nikahesabu, kwa sababu bei iliyoandikwa kwenye pakiti haikuambii unanyoa kwa shilingi ngapi. Mara nne kwa wiki ni mara 208 kwa mwaka. Ikiwa wembe wako wa plastiki unatumika mara mbili, unahitaji 104, ambazo kwa shilingi 40 ni shilingi 4,160. Vichwa vya makali matano ninavipata shilingi 1,600 kwa pakiti ya vinne, yaani 400 kimoja, na kila kimoja mume wangu hukitumia mara kumi. Hapo ni vichwa 21, sawa na shilingi 8,400. Kishikio cha chuma tulikinunua shilingi 1,500 kwenye duka moja mjini, na wembe wake ni shilingi 15 ukitumika mara nne: nyembe 52 kwa shilingi 780. Mwaka wa kwanza ni shilingi 2,280, na kuanzia mwaka wa pili ni 780 tu.

Hesabu hiyo huharibika wembe ukifa mapema, na hapa kwetu maji ndiyo huuua. Maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu la kutosha, nayo yakikaukia kwenye makali huacha kutu. Sisi huweka kikombe kimoja cha maji matamu kutoka kwenye mtungi kwa ajili ya sabuni na kusuuza, kisha wembe hukung'utwa bila kufutwa kwa kitambaa na kuwekwa dirishani, si bafuni kwenye unyevu.

Ndevu zenyewe nazo hula chuma. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walionyesha katika jarida la Science kwamba unywele, ingawa ni laini mara 50 kuliko chuma cha wembe, huweza kuyamegua makali ukiinama mbele yake. Unywele uliolowa hukatika kwa urahisi zaidi, kwa hivyo oga kwanza, nyoa baadaye.

Mkaaji wa Kibokoni

Ninaheshimu maneno ya mzee, lakini ninaomba kishikio cha chuma kisipendekezwe kwa kila mtu. Baba yangu alipata kiharusi na mkono wake mmoja unatetemeka. Nilimnunulia kifaa hicho, na siku ya pili nikamkuta ameshika taulo kidevuni, damu haikati. Kichwa cha wembe wa kisasa hucheza na kuufuata uso, hivyo husamehe mkono usiotulia. Kwake ninalipa hizo shilingi 400 bila kinyongo.

Kinyozi wa Majengo

Hapo umesema kweli, mwanangu, na Mungu amwafu mzee wetu. Kwa mtu kama yeye hata mashine ya umeme inafaa, kwa maana huacha nywele fupi juu ya ngozi, hivyo si rahisi imkate mtu wala imletee vipele. Bwana wa Tudor naye angeweza kuitumia, kama ofisi yake ingekubali kivuli kidogo cha ndevu.

Mkazi wa Tudor

Ahsanteni sana. Ofisi haikubali kivuli, kwa hivyo nilinunua kishikio cha chuma, lakini kwanza niliiacha shingo ipumzike katika likizo yangu ya wiki mbili. Leo ni wiki ya tatu tangu nianze kukitumia. Nilijikata mara tatu katika siku nne za mwanzo, zote kwa kukandamiza. Vipele vilivyokuwa vimejaa upande wa kulia vimekauka, na wiki hii shati halijapata doa. Upande wa kushoto, chini kidogo ya pembe ya taya, bado vimebaki viwili, na nikipapasa hapo ninahisi nywele zimekaa kama kisogo cha mtoto, zikizunguka. Mzee, mahali kama hapo wembe huanzia wapi?

Kinyozi wa Majengo

Anzia katikati ya mzunguko utoke nje, kwa mikato mifupi ya upana wa kucha, ukiugeuza mkono kila mara. Wiki hii usipaguse kabisa, ili hivyo viwili vikauke kwanza.