Msamiati wa juu wa Kiingereza: kadi za Anki, kumeza orodha au kusoma magazeti?

Mgeni_wa_Kigoma
Wakuu, habari za jioni. Nina miezi mitano kabla ya kukaa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Chuo ninachoomba Uingereza kinataka bendi (daraja la alama) 7, na nisishuke chini ya 6.5 kwenye sehemu yoyote. Kiingereza cha kujieleza ninacho, cha ofisini pia, ila nikiandika insha nazunguka kwenye maneno yale yale: important, big, problem, very. Naona watu wanasifu njia tatu: programu ya kadi za marudio (Anki), vile vitabu vya orodha ya maneno elfu tatu na ushee, na kusoma tu magazeti kila siku. Nikitoka kazini napata saa moja, na bando langu si la kujitapa. Mngechagua ipi, na kwa nini?

Bint_Kisauni
Anki, sina la kufikiria. Neno ulilolijua vizuri linakaa siku nyingi bila kukujia, lililokusumbua linarudi kesho. Wazo lenyewe ni la zamani: Ebbinghaus, Mjerumani, alichapisha mwaka 1885 jinsi kumbukumbu inavyoporomoka upesi mwanzoni kisha kasi ikapungua. Wewe unaiwahi kabla haijaporomoka. Kwenye Android inaitwa AnkiDroid, ni bure, na ukishapakua kadi zako huhitaji intaneti. Angalizo moja: inakuja imepangwa maneno mapya 20 kwa siku. Shusha hadi 8 hivi, maana marudio hujilimbikiza, na baada ya wiki tatu saa yako nzima itaishia humo.

Jogoo_la_Mjini
Mnamsumbua bure na masimu. Kitabu, kalamu, ameze. Shemeji yangu alimeza maneno elfu tatu, akapasua GRE, ule mtihani wa kuombea uzamili Marekani, leo yuko Texas.

Mwalimu_Mstaafu
Jogoo, shemeji alifanya mwaka gani?

Jogoo_la_Mjini
2006.

Mwalimu_Mstaafu
Nilidhani hivyo. Zile orodha ndefu zilinoga wakati GRE inauliza kinyume cha neno, na jozi za maneno zinazofanana kwa uhusiano. Maswali hayo yaliondolewa Agosti 2011. IELTS haiulizi hivyo kabisa.

Mwanangu wa Kigoma, tazama kwanza wanavyosahihisha. Katika kuandika na kuzungumza, msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne, na vyote vina uzito sawa. Yaani robo ya alama. Kwa bendi 7, mtahini anatafuta maneno yasiyo ya kila siku, lakini yatumiwe na mtu anayejua yanaandamana na maneno gani na yanafaa mahali gani. Hapo ndipo orodha inapomwangusha mtu. Ameona eradicate maana yake kuondoa, basi anaandika kwamba wapangaji wali-eradicate viti vyao wakahama. Maana ameimeza sawasawa, Kiingereza hakipo.

Kama ni lazima orodha, chukua ya Averil Coxhead wa New Zealand, Academic Word List ya mwaka 2000. Ina familia 570 tu za maneno (yaani neno pamoja na vinyambuo vyake), zilizochujwa kutoka maandishi ya vyuo vikuu, na ameyaacha nje maneno 2,000 ya msingi ambayo wewe unayo tayari. Imegawanywa mafungu kumi: tisa ya kwanza yana familia 60 kila moja, la mwisho 30, na yanayojitokeza zaidi yako mbele. Bure mtandaoni. Mafungu manne ya mwanzo yakikukaa vizuri, insha yako itabadilika sura.

Jogoo_la_Mjini
Haya mzee, nimekusoma. Ila shemeji alipita.

Mswahili_Leeds
Nipo huku na nimeukaa huo mtihani. Kusoma ndiko kunakobeba kila kitu. Paul Nation, bingwa wa mambo ya msamiati, alikadiria mwaka 2006 kwamba gazeti au riwaya ya Kiingereza inahitaji familia 8,000 hadi 9,000 ili uisome bila msaada. Nani atazimeza hizo kwa miezi mitano?

Lakini kusoma kwa kurukaruka nako ni kupoteza bando. Leo siasa, kesho mpira, keshokutwa mapishi: neno unakutana nalo mara moja, mmeagana. Shika jambo moja wiki mbili nzima. Wewe wa Kigoma una mada iko mlangoni, maji ya Ziwa Tanganyika yalivyopanda na kumeza nyumba za watu. Tafuta makala zake kwenye The Citizen, The EastAfrican, hata magazeti ya Ulaya. Utashangaa submerged, displaced, shoreline zinavyokurudia zenyewe, tena kila mara zikiwa na majirani zao. Na mazingira ni mada ambayo IELTS haichoki nayo.

Bint_Kisauni
Hapo Leeds umenigusa. Basi sentensi itoke kwenye makala, iingie kwenye kadi, na neno lenyewe lifichwe. Kadi ya neno upande huu na Kiswahili upande ule ni ile ile orodha ya Jogoo iliyovaa suti. Na asipakue furushi la kadi za watu wengine, hazina kumbukumbu yake ndani.

Mpenda_Mizizi
Mbona hakuna aliyetaja mizizi ya Kilatini na Kigiriki? Ukijua bene (vizuri) na mal (vibaya) umefungua maneno kumi.

Mwalimu_Mstaafu
Inasaidia kukumbuka, haisaidii sana kubahatisha. Ped ya pedestrian (mtembea kwa miguu) ni mguu wa Kilatini, ya pediatrician (daktari wa watoto) ni mtoto wa Kigiriki. Dakika tano kwa wiki zinatosha.

Muhimu kuliko hilo ni kamusi. Ya TUKI, Kiingereza–Kiswahili, iwe ya kupata maana haraka. Ya kuandikia iwe ya wanafunzi, kama Longman au Oxford, zote zipo bure mtandaoni. Longman tangu 1978 inaeleza maana kwa maneno kama 2,000 tu, kwa hiyo hutafuti neno ukaangukia neno gumu zaidi. Hii ya Oxford chimbuko lake ni Japani, ambako mtunzi wake, Mwingereza Hornby, alikuwa mwalimu. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, wakati wa vita. Alijua mgeni anataka kuona neno linavyotumika. Soma mifano, kisha andika aya moja yako kila Jumamosi yenye maneno matano ya wiki hiyo, umpe mtu akukosoe.

Mgeni_wa_Kigoma
Shukrani sana, wakuu. Naanza na ziwa, kadi 8 kwa siku, na mafungu manne ya Coxhead. Swali la mwisho: simu yangu ni iPhone, na naona Anki huko wanauza.

Bint_Kisauni
Ndiyo, kwenye iPhone ni ya kulipia. Kompyuta ya ofisini itakufaa, huko ni bure. Tengenezea kadi hapo, halafu zirudie kwa simu kupitia tovuti ya AnkiWeb. Ila AnkiWeb inahitaji intaneti, na kadi za maandishi matupu hazili bando sana. Picha na sauti ziache.