Kumbukumbu za wagonjwa waliotangulia zina msaada gani kwa anayetaka kubadilishiwa goti?

Mkazi wa Ngamiani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mama yangu ana umri wa miaka 58, na goti lake la kulia limesagika kiasi kwamba hakai tena juu ya mbuzi kukuna nazi na sala zote anaswali juu ya kiti. Daktari bingwa wa mifupa ameshauri abadilishiwe goti, nasi tutalazimika kumpeleka Dar es Salaam. Mjomba anasema tusisite, kwa kuwa uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 kutokana na kumbukumbu za Australia na Finland ulionyesha kwamba takriban asilimia 82 ya magoti bandia hudumu miaka 25. Mama yeye anauliza kama ataweza kusujudu. Je, hesabu za wagonjwa wa mbali zinatufaa sisi wa Tanga?

Mtakwimu wa Chumbageni

Waalaykum salaam. Tarakimu ya mjomba ni sahihi, ila inajibu swali ambalo mama hakuliuliza. Sajili za taifa za viungo bandia, yaani kumbukumbu za waliowekewa viungo hivyo, ambazo Sweden ilianza kwa magoti mwaka 1975 na Uingereza mwaka 2003, kipimo chao kikuu ni kama goti lilifanyiwa upasuaji wa marudio. Goti linalomuuma mtu kila usiku, lakini mwenyewe akaamua kuvumilia, katika hesabu hiyo limedumu. Tena, ili goti lifikishe miaka 25 ni lazima liwe liliwekwa zamani, kwa vifaa ambavyo vingine havitumiki tena.

Jambo ambalo kumbukumbu hizo zinaweza kuwasaidia ni umri. Uchambuzi wa wagonjwa wa Uingereza uliotoka mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji wakiwa na miaka 70 na zaidi walikuwa na uwezekano wa karibu asilimia 5 wa kurudiwa katika maisha yao yote, ilhali kwa wanaume wenye umri wa miaka hamsini na kidogo ulifika hadi asilimia 35. Wanawake wa rika hilo walikuwa chini ya hapo. Kwa hiyo muulizeni daktari kama mazoezi, kupunguza uzito na dawa vimekwisha kujaribiwa ipasavyo, kwa maana kila mwaka unaosubiriwa bila mateso makubwa una faida yake.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Bombo

Kuhusu kusujudu, takwimu zipo. Madaktari hutumia dodoso liitwalo Oxford Knee Score, lenye maswali 12 na alama kuanzia 0 hadi 48, na swali mojawapo ni kama mgonjwa anaweza kupiga magoti kisha akainuka. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2009, wagonjwa huulizwa maswali hayo kabla na baada ya upasuaji. Maumivu na kutembea huboreka kwa wengi. Kupiga magoti hubaki nyuma, kwa sababu ngozi ya mbele hufa ganzi, watu huogopa, na goti bandia kwa kawaida halikunjiki kiasi cha kumwezesha mtu kukalia visigino. Mama ajiandae kwamba huenda akaendelea kuswali juu ya kiti, ila bila maumivu aliyonayo sasa. Vilevile, takriban mmoja kati ya watano huwa haridhiki baada ya upasuaji.

Muuguzi mstaafu, Raskazone

Nakubaliana nao, lakini naona wametaja za Ulaya mno. Kule mgonjwa akipata usaha gotini hurudi hospitali iliyo karibu naye na akaandikwa. Kwetu anaweza kuishia kwenye zahanati ya kijiji na daktari aliyempasua asijue kamwe. Malawi, ambayo si tajiri kutuzidi, ilianza sajili yake ya viungo bandia mwaka 2005, basi jambo hili halitushindi. Wewe muulize daktari wa upasuaji ameshawafanyia wangapi, anawafuatilia kwa muda gani, na wangapi walipata maambukizi. Kama mama ana kisukari, hakikisheni kimedhibitiwa kabla ya safari, kwa kuwa huongeza hatari hiyo.

Mkazi wa Ngamiani

Ahsanteni sana. Sukari yake haijapimwa tangu mfungo uliopita, kwa hiyo tutaanza na hiyo. Mjomba nimemsomea majibu yenu. Amenyamaza, ila mama ameuliza kama lile dodoso lipo kwa Kiswahili ili alijaze kabla ya kuonana na daktari.