Waya wa kulisha boksi dogo la breka: milimita 6 au 10?

Mjenzi_Mpya
Wakuu, heshima kwenu. Namalizia vyumba viwili nyuma ya nyumba kubwa, vitakuwa na boksi lao la breka. Fundi mmoja kasema waya wa milimita 6 za mraba (unene wa shaba) unatosha, mwingine hataki kusikia chini ya 10. Nanunua Jumamosi. Nichukue upi?

Waya_Moto
Mkuu, hapo hatuwezi kukujibu. Kutoka boksi kubwa hadi hilo dogo ni mita ngapi? Utachomeka nini? Waya unapita wapi?

Bi_Soketi
Na breka inayoulinda huo waya ni ya ampia ngapi? Watu husahau kwamba breka imewekwa kuulinda waya, friji baadaye.

Mjenzi_Mpya
Samahanini. Mita kama 35, ndani ya paipu chini ya ardhi. Kuna hita ya kuogea ya kilowati 5, pampu, friji, pasi na taa. Breka ya 40.

Waya_Moto
Hita peke yake inavuta karibu ampia 22 kwa volti 230. Waya wa shaba wa 6, mita 35, ukivuta ampia 40 zote, unapoteza kama volti 10 njiani, zaidi ya asilimia 4. Wa 10 unapoteza kama 6. Chukua 10.

Mzee_Plaizi
Mimi naweka 16. Ukishafukia mtaro hutaki kuufukua tena siku ukileta jiko la umeme.

Waya_Moto
Mzee, 16 kwa breka ya 40 ni kutupa shaba.

Bi_Soketi
Afadhali izidi. Kwangu aliyefunga aliweka 4 kwenye breka ya 40, mimi sikujua. Miaka miwili kimya. Tukaongeza jiko, na kila jioni likiwaka pamoja na pasi nikawa nasikia harufu ya plastiki, nikadhani ni sufuria. Siku moja nikaegemea ukuta, ukawa wa moto kama kikombe cha chai. Tulipofungua, ganda la waya mwekundu lilikuwa limeyeyuka na kugandana na mweusi karibu urefu wa mkono. Breka nzima kabisa, haikuwahi kukata hata mara moja! Kwa nini ikate? Kwake ampia 35 tulizokuwa tunavuta ni halali, waya ndio haukuziweza. Watoto walikuwa wanalala chumba cha pili. Mjenzi, soma namba iliyoandikwa kwenye ganda kabla hujalipa.

Mzee_Plaizi
Pole sana dada.

Alumini_Tu
Mbona hakuna anayetaja alumini? Ni nyepesi na bei nafuu.

Waya_Moto
Inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo unapanda saizi. Tena inafanya kutu inayozuia umeme, na skrubu hulegea. Kama vishikio vya boksi havikutengenezwa kushika waya wa alumini, usithubutu.

Alumini_Tu
Nguzo za umeme zimebeba alumini miaka yote.

Waya_Moto
Juu ya nguzo, ndugu yangu, si kwenye skrubu za boksi la chumbani.

Bi_Soketi
Mjenzi, jambo jingine: kwenye boksi dogo, nyutro (waya unaorudisha umeme) na waya wa ardhi visiunganishwe. Kila kimoja na baa yake, yaani kipande chake cha chuma cha kufungia nyaya.

Mjenzi_Mpya
Hilo fundi hakulitaja kabisa, nitamuuliza kesho. Je, 10 itapita kwenye paipu ya milimita 20? Nimeshaifukia.

Mzee_Plaizi
Umefukia paipu kabla ya kuchagua waya?