Ukoo wa Mzee Sefu: pweza, nusu kilo na kikao cha Jumamosi

Kombo: Assalaam alaykum wanandugu. Kuna tangazo limebandikwa ofisi ya kijiji. Jumamosi saa nne asubuhi watu wa uvuvi kutoka wilayani wanakuja kuchukua maoni juu ya pweza. Wanataka ile sheria ya kutovua pweza wa chini ya gramu 500 isimamiwe sawasawa, na sehemu ya mwamba ifungwe miezi mitatu. BMU, kamati yetu ya kusimamia uvuvi ufukweni, wanaomba kila ukoo upeleke neno lake.

Shangazi Mwanahawa: Waalaykum salaam. Jumamosi ni mwezi ngapi wa kuandama?

Kombo: Shikamoo shangazi. Mwezi kumi na tano.

Shangazi Mwanahawa: Marahaba. Basi hicho ni kikao cha wanaume. Mwezi kumi na tano ni bamvua, saa nne maji yametoka mpaka mwisho, sisi wote tuko mwambani. Wanakuja kuuliza habari za pweza saa ile ile wanaochokoa pweza hawapo!

Zuhura: Hilo liwe la kwanza kabla ya yote. Kombo, mwone mwenyekiti leo leo, wasogeze mpaka alasiri.

Kombo: Nakwenda baada ya adhuhuri.

Baba Mdogo Issa: Mimi naunga mkono kufunga. Tena wafunge wakati wa kusi, ngalawa zimelala, hatuna tunachopoteza.

Shangazi Mwanahawa: Issa mdogo wangu, kusi ngalawa yako ikilala, nyumbani kwako kunaliwa nini? Si mkeo anayetoka na mkonjo wake, ile fimbo ya ncha ya kuchokolea pweza, akarudi na pweza wawili, mmoja mboga mmoja wa kuuza? Ukifunga kusi umemfungia yeye, wewe hujafungiwa kitu.

Baba Mdogo Issa: Basi dada sema wewe, lini?

Shangazi Mwanahawa: Si lini tu, na wapi. Wasifunge mwamba mzima. Wafunge upande wa nje, huu wa karibu tuachiwe. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni hawezi kuambiwa atafute mwamba mwingine, hana chombo.

Habibu (Muscat): Shikamooni wazee wangu. Huku Oman nguru wana msimu wao wa kufungwa, Agosti 15 mpaka Oktoba 15. Ninachokipenda ni kwamba hawamkabi mvuvi peke yake. Kipindi hicho hata kumuuza nguru ni marufuku. Ukitoka naye baharini, nani atamnunua?

Shangazi Mwanahawa: Habibu mwanangu, hapo ndipo penye maneno. Subirini niandike.

Shangazi Mwanahawa: Gramu 500 naijua, na siipingi. Lakini mwenye kuitunga angeshuka mwambani na mimi mara moja. Pweza yuko ndani ya shimo. Naona maganda ya kaa na vijiwe mlangoni, najua yumo. Naingiza mkonjo, anaukamata, naanza kuvutana naye. Ukubwa wake naukisia kwa vile anavyoshika. Uzito wake naujua akishatoka, na akishatoka keshachomwa. Nikimrudisha majini nani atafaidika, samaki mkunga? Kwa hiyo nampeleka kwa mnunuzi. Na mnunuzi huyo huyo, ambaye sheria anayo, anawachukua wadogo wote fungu moja kwa bei ya kutupa, hapimi mmoja mmoja. Siku akiwakataa kweli, hakuna atakayehangaika na vishimo vya watoto.

Zuhura: Shangazi hilo ni la kusema mbele ya kikao neno kwa neno. Mzani uko kwa mnunuzi, mkaguzi naye asimame pale.

Baba Mdogo Issa: Zuhura wewe uko chuo cha uvuvi Mbegani unasomea haya. Miezi mitatu inatosha kweli? Au ni kutusumbua?

Zuhura: Inatosha baba mdogo, kwa sababu pweza si kama chewa. Maisha yake ni mwaka na kidogo tu, na anakua haraka sana. Huyu wa nusu kilo mkimwacha miezi mitatu anavuka kilo. Na jike anataga mara moja tu maishani. Akishataga anakaa na mayai, hali, anayalinda mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Mkimtoa kabla, kizazi chote kimekwenda. Madagaska, kijiji cha Andavadoaka, walianza kufunga mwamba wao mwaka 2004, vijiji vingine vikaona na kufuata. Kwetu, Songosongo na Kisiwa Panza kule Pemba wamefanya pia.

Shangazi Mwanahawa: Huyo wa mayai namjua. Amejiziba kwa mawe, mlango mdogo. Marehemu mama alitukataza kumgusa. Siku hizi wanaotoka na miwani na bunduki za mishale hawaangalii hayo.

Habibu (Muscat): Na siku ya kufungua? Isijekuwa nyie mmesubiri miezi mitatu, halafu mashua za mbali zije kuchota siku moja.

Baba Mdogo Issa: Hilo ndilo linalowatia watu hofu hapa kijijini. Wamesikia tarehe ya kufungua kwingine inajulikana mpaka Dar.

Shangazi Mwanahawa: Siku ya kwanza na ya pili waingie wanaotembea kwa miguu. Miwani na bunduki wasubiri. Na ifunguliwe bamvua, si maji mafu, maana maji mafu hayatoki sana, ni ya wazamiaji tu.

Kombo: Nimetoka kwa mwenyekiti. Amekubali saa tisa na nusu alasiri, anatangaza msikitini leo magharibi. Nimeandika hivi: ukoo wetu unakubali mwamba wa nje ufungwe miezi mitatu, isiwe kusi, mwamba wa karibu ubaki wazi. Nusu kilo ikaguliwe kwa mnunuzi. Siku mbili za kwanza ni za wanaotembea. Nimeacha kitu?

Zuhura: Doria. Nani analinda usiku, na mafuta ya boti yanatoka wapi? Wapendekeze sehemu ya ushuru wa siku ya kufungua iende huko.

Baba Mdogo Issa: Mimi na vijana wawili tutajitolea zamu. Niandike.

Shangazi Mwanahawa: Na uandike kwamba kamati ya mwamba iwe na wanawake wanaochokoa, si mke wa mjumbe aliyewekwa kujaza nafasi. Nitasema mwenyewe Jumamosi, lakini iwepo na kwenye karatasi.

Kombo: Nimeongeza. Natuma picha ya karatasi sasa hivi, aliye na la kubadili aseme kabla ya isha.