Mrejesho: Ripoti zilizokuwa zinakata kwa kukosa memori

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini ripoti za hoteli yetu hapa Malindi, zile tunazofungua kwa kivinjari, zinakata katikati na kuleta "java.lang.OutOfMemoryError: Java heap space", hasa mwisho wa mwezi. Asanteni sana kwa majibu.

Nilianza na kuongeza memori. Seva ina RAM ya GB 8, na Java (mfumo unaoendesha programu yetu ya ripoti) isipoambiwa kitu kwa kawaida hujiwekea kikomo cha robo, yaani GB 2. Nikaunda faili setenv.sh ndani ya folda ya bin ya Tomcat, ile programu ya seva inayotoa ripoti kwa kivinjari, nikaandika CATALINA_OPTS="-Xmx4g", yaani kikomo kiwe GB 4, nikaiwasha Tomcat upya. Ripoti za mwezi zikafunguka. Ya mwaka mzima ikaendelea kuanguka, ilichelewa tu.

Dawa hasa imetoka kwa yule ndugu aliyesema nitazame kwanza data inayoombwa. Ripoti ilikuwa inavuta kila stakabadhi ya kila mgeni kutoka kwenye hifadhidata, kisha ndiyo inachuja na kujumlisha yenyewe! Nimeweka WHERE (kuchuja) na GROUP BY (kukusanya kwa makundi) kwenye ombi la SQL lenyewe, hifadhidata ifanye kazi hiyo, sasa zinarudi jumla za siku peke yake. Bosi anafungua ya mwaka kabla chai haijapoa.

Kilichobaki ni kutoa orodha kamili kwa Excel: bado inagoma, maana programu yetu hulijenga faili lote kwenye memori kwanza. CSV, faili la maandishi matupu, inapita, mhasibu anaitumia huku akinung'unika. Na aliyeshauri tununue seva kubwa, shukrani, ila huu ni msimu wa kusi, wageni wachache, bajeti hakuna.