Tupeane uzoefu: taa za LED zisizotulia kwenye swichi na soketi janja za kupunguza mwanga

Kimara_Kwetu
Wakuu, habari za jioni. Jirani yangu leo kagombana na fundi hadi watu wakatoka nje kuangalia. Kisa ni swichi janja ya kupunguza mwanga aliyofungiwa sebuleni, ile unayoiendesha kwa simu. Taa zake ni LED ndogo za darini. Akishusha mwanga zinapepesa, akizima zinabaki na kimwanga hafifu usiku kucha. Fundi anasema taa ni feki, mwenye nyumba anasema feki ni fundi.

Nimekumbuka ya kwangu tulipohamia. Korido ina taa tatu za wati 5 na swichi ilikuwa ya aina hiyohiyo. Ukigusa zinawaka, zinatulia kidogo, halafu zinaanza kukonyeza. Tukabadilisha balbu, wapi! Aliyetuokoa ni kijana wa duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Aliigeuza swichi akanionyesha maandishi madogo ya mgongoni: mzigo wa chini kabisa wati 25. Zangu zote tatu zilikuwa 15. Akaniuzia kikapasita, kijidude cha kupitishia umeme kidogo pembeni ya taa, cha kufunga kule kwenye taa, na korido imetulia mpaka leo.

Wenye yao wayamwage hapa. Watu wanatupa balbu nzima kila siku.

mama_wa_Goba
Kweli tupu. Kwangu ni chumba cha watoto, vilevile kabisa. Nafuatilia.

Fundi_Tabata
Asante mleta mada, hili limetugombanisha na wateja sana.

Dima, yaani hizo swichi za kupunguza mwanga, nyingi mnazonunua zilitengenezwa wakati wa balbu za waya za wati 60 na 100. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50, yaani wimbi linapita sifuri mara 100 kwa sekunde. Dima inakata kipande cha kila nusu ya wimbi ili mwanga upungue. Kinachokata humo ndani kinaitwa triaki, na triaki ikishawashwa inahitaji mkondo wa kutosha kupita ndiyo ibaki imewaka. Balbu ya wati 60 inaupitisha. LED ya wati 5 haiupitishi, kwa hiyo triaki inajiachia kabla ya wakati wake, inashika tena, inaachia tena. Hapo ndipo jicho lako linaona kupepesa.

Kimwanga cha usiku ni jambo lingine. Swichi janja nyingi za hapa zinafungwa bila nyutro, yaani waya unaorudisha umeme ili njia yake ikamilike, kwa sababu nyumba zetu kwenye boksi la swichi kunashuka waya wa moto na wa kurudi kwenye taa tu. Swichi nayo inataka umeme wa kuishi ili isikie simu yako, basi inaunyonya kidogokidogo kupitia kwenye taa. Balbu ya zamani isingeonyesha chochote. LED inajaza kile kisakiti chake taratibu, ikijaa inatoa mwanga kidogo. Hata swichi za kawaida zenye kitaa chekundu zinafanya hivyo.

Mzalendo_Halisi
Fundi unatisha watu. Boksi la balbu yangu limeandikwa 60W. Tatu ni 180. Huo mzigo mdogo uko wapi?

Fundi_Tabata
Kaka, rudi kwenye boksi. Hiyo 60W ni kukwambia inatoa mwanga sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Pembeni yake pameandikwa 8W au 9W, na hiyo ndiyo dima inayoihesabu. Vilevile angalia kama pameandikwa kwamba taa inaweza kupunguzwa mwanga. Kama haikutengenezwa kwa dima, hata uifungie dima ya bei gani itapepesa au kufa mapema.

Mzalendo_Halisi
Mafundi mna majibu ya kila kitu, ila mkifunga kitu lazima murudi kulipwa tena.

Nyegezi_Kona
Mzalendo, punguza jazba. Mtu kaeleza bure hapa, wewe unamletea madeni ya fundi wako.

Mzalendo_Halisi
Sijakuuliza wewe.

binti_Upanga
Naombeni niseme langu maana hii mada imenirudisha mbali.

Mama yangu alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa macho, akawa hataki mwanga mkali. Kaka yangu akaleta soketi janja ya kupunguza mwanga, unaichomeka ukutani halafu taa ya mezani unaichomeka kwake. Taa yenyewe ilikuwa LED ya wati 4. Ukiiweka mwanga wa juu ilikuwa sawa. Ukishusha chini ya nusu inatetemeka, na mama na macho yale anasema, "Mwanangu, zima hiyo kitu, inanichoma." Tukawa tunakaa gizani na tochi ya simu imefunikwa kanga.

Sasa usiku mmoja joto la Dar lilizidi, mdogo wetu akachomoa ile taa akachomeka feni palepale, na soketi iko kwenye mwanga wa chini. Feni haikuzunguka. Ilikuwa inaunguruma tu. Mimi nimelala pembeni ya mama nasikia ule mngurumo nadhani ni jenereta ya jirani. Nilichoamka nacho ni harufu ya plastiki inayoungua. Nashika soketi, ya moto huwezi kuweka mkono, na ukuta umeanza kubadilika rangi. Nilikimbilia swichi kuu huku namwita mama, naye hanioni vizuri anauliza kuna nini, kuna nini. Sitausahau ule wito wake.

Nawasihi jamani, soketi ya kupunguza mwanga ni ya taa peke yake. Isichomekwe feni, chaja wala friji. Kama ndani kuna watoto au wageni, andikeni kwa kalamu nene pale juu: TAA TU.

mama_wa_Goba
Pole sana dada. Mama anaendeleaje?

binti_Upanga
Anaona vizuri sasa, Alhamdulillah. Anasoma bila miwani.

Stima_Kisauni
Pole dada. Huku Mombasa nishaona kinyume chake. Mtu achukua regula, kile kidude cha kupunguza kasi ya feni ya dari, aifanya dima ya taa za LED za sebule. Fundi wa stima amwambia ni kitu kimoja. Si kimoja kabisa! Regula ya feni imepangwa kwa mota ya feni. Taa zile zilikuwa zapepesa namba moja hadi tatu, namba nne ndipo zatulia.

Ghorofa_ya_Pili
Mimi nitaongeza kisa ambacho kila mtu alidhani ni dima kumbe sivyo, na kingeweza kuua.

Nyumba yetu ni ya wapangaji, umeme wa fezi tatu, yaani waya tatu za moto, kila upande na fezi yake. Mpangaji wa chini alifunga dima mpya ya LED. Wiki hiyohiyo taa za nyumba nzima zikaanza kucheza. Wote tukamwangukia yeye: toa hiyo dima yako unatuharibia. Akaitoa. Taa zikaendelea.

Jioni moja nimewasha taa ya jikoni, ikawaka kwa ukali ambao sijawahi kuuona, nyeupe ya kuumiza macho. Wakati huohuo jirani wa mkono wa kushoto anapiga kelele kwamba kwake taa zimefifia na friji linagugumia tu. Nikasikia "paa!" juu ya kichwa, balbu imepasuka. Televisheni ikatoa moshi kwa nyuma. Nilitoka na watoto bila viatu, mwenzangu akakata swichi kuu.

Fundi alipokuja alipima kwa maltimita. Upande wangu ilisoma juu ya volti 300, upande wa jirani hata 150 haikufika. Waya wa nyutro ulikuwa umelegea na kuungua pale unapoingilia nyumba. Nyutro ikikatika kwenye fezi tatu, vifaa vya fezi tofauti vinabaki vinagawana volti 400 zilizo kati ya fezi na fezi, kadiri ya mizigo yao. Mwenye mzigo mdogo ndiye anayepigwa na volti nyingi, na aliyewasha LED tupu ndiye mwenye mzigo mdogo.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mwenye dima: taa zikicheza nyumba nzima, huku nyingine zinazidi ukali na nyingine zinafifia, kata umeme na uite wahusika usiku huohuo.

Nyegezi_Kona
Mungu wangu. Friji la jirani lilipona?

Mzalendo_Halisi
Mwenye nyumba aliwalipa televisheni?

Ghorofa_ya_Pili
Friji lilikufa kompresa. Kulipwa hatukulipwa mpaka leo.

Mzalendo_Halisi
Mngempeleka baraza la kata. Wenye nyumba wanakusanya kodi ya miezi sita, waya hawaangalii.

Pugu_Mpya
Nami ni mwenye nyumba. Mpangaji akifunga vitu vyake bila kuniambia nitajuaje?

Ghorofa_ya_Pili
Waya ulioungua si wa mpangaji mzee wangu, unatoka nje unaingia ndani.

Minnesota_Baridi
Naomba turudi kwenye soketi. Huku Marekani hizi za kuchomeka ni nyingi, lakini kanuni ya umeme ya hapa, NEC, hairuhusu dima ya kawaida ya ukutani iendeshe soketi. Sababu ni hiyohiyo ya binti wa Upanga: hujui nani atachomeka nini.

Na ndugu mnaotumiwa hizi kwenye mabegi: za huku ni za volti 120, hezi 60. Adapta ya pini inabadilisha umbo la pini tu, volti zinaingia 230 zilezile. Someni mgongoni kwanza. Kama haikuandikwa 220–240, iacheni kwenye boksi.

Baba_Kibada
Ushauri wangu rahisi: kati ya taa zako tatu rudisha moja ya zamani ya wati 40. Mzigo umepatikana, dima imeshiba, mambo kwisha.

Nyegezi_Kona
Na uniti za LUKU unalipa wewe? Tumekimbia balbu hizo, leo unaturudisha.

Baba_Kibada
Wati 40 kwa saa tano ni uniti 0.2. Huo si wa kukufilisi.

mama_wa_Goba
Mimi nasema toeni dima zote, nunueni balbu janja yenyewe, inapunguza mwanga humohumo ndani, swichi ibaki ya kawaida.

Fundi_Tabata
Mama wa Goba yuko sahihi, ila asiiweke balbu janja nyuma ya dima, itachanganyikiwa na kuharibika. Wanaotaka kubaki na swichi, ulizeni dima inayokata mwisho wa wimbi badala ya mwanzo. Zinapatana zaidi na LED na nyingi zinakubali mzigo mdogo. Zikiwa na kitufe au skrubu ya kuweka kiwango cha chini, pandisha kidogo mpaka kupepesa kuishe.

Kimara_Kwetu
Jirani yangu anasoma hapa pembeni yangu. Anauliza kile kikapasita kinafungwa kwenye swichi au kwenye taa? Na taa zake ziko nane.

Fundi_Tabata
Kwenye taa. Kata swichi kuu kwanza, hakikisha kwa testa. Mguu mmoja kwenye waya unaotoka swichi kuja kwenye taa, mwingine kwenye nyutro. Kinatosha kimoja kwa taa zote nane kama zinawashwa na kitufe kimoja. Kama swichi ina vitufe viwili, kila kitufe na chake.