"Mshahara tukulipe wewe au tukilipe hicho kiprogramu?" Nimeambiwa hivyo leo mbele ya wanafunzi

Mkazi wa Sakina (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Ninaandika nikiwa kwenye daladala ninayorudi nayo kutoka Njiro, na ninaomba mnivumilie kwa sababu hasira haijashuka hata kidogo. Yule jamaa mnayemjua, anayeitwa na kila ofisi ya hapa Arusha mjini seva inapogoma, anayevaa koti la suti hata jua la saa nane mchana, leo amenidhalilisha mbele ya wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, mbele ya mhasibu, na mbele ya dada aliyekuwa amekuja kutuuzia maandazi. Sina haja ya kumtaja. Ukiwa umewahi kufanya kazi ya kompyuta popote kati ya Mnara wa Saa na Usa River umeshakutana naye, na kama hujakutana naye basi sauti yake umeisikia, kwa maana inavuka kuta tatu na bado inafika na nguvu zake zote.

Nilikuwa ninahamisha kumbukumbu za wageni na picha za safari kutoka kwenye seva kwenda kwenye diski ya nje kwa kutumia rsync, amri ya kuhamisha mafaili. Wanaoifahamu amri hii wanajua kwamba mkwaju (/) mmoja tu mwishoni mwa jina la folda ya chanzo hubadilisha kazi nzima: ukiuweka, vinahamishwa vilivyomo ndani ya folda, usipouweka, inahamishwa folda yenyewe pamoja na jina lake. Ukiongeza na --delete, kila kilichopo kule unakopeleka na hakipo kwenye chanzo kinafutwa, wala huulizwi kama una uhakika. Katika diski ile kuna picha za misimu iliyopita ambazo hazipo mahali pengine popote. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelifanya: nilifungua tldr, kiprogramu kinachoonyesha kurasa fupi za mifano ya amri, nikaandika tldr rsync nikasoma mifano kabla ya kuiendesha amri yenyewe.

Hapo ndipo aliposimama nyuma yangu. Aliinama, akausoma ukurasa ule kwa sauti mstari kwa mstari, kama katekista anayesoma matangazo ya ndoa, kisha akaishika skrini yangu kwa mikono miwili, akaigeuza iwatazame wanafunzi, na akasema: "Kumbe hapa tunadesa! Sasa mwisho wa mwezi mshahara tukulipe wewe au tukilipe hicho kiprogramu?"

Wanafunzi walicheka. Mhasibu alicheka. Dada wa maandazi, ambaye hajui rsync wala hahitaji kuijua, naye alicheka. Halafu yeye akanyoosha mkono juu ya bega langu, akaandika clear kwa kidole kimoja, na ukurasa wote ukatoweka. Alama ya kidole alichokuwa akigongea kwenye kioo bado ipo, ya mafuta, pale pale lilipokuwa neno --delete.

Skrini yangu, wakuu! Ameigeuza! Angeniita pembeni akaniuliza ningemjibu kwa heshima zote, kwa sababu ni mkubwa kwangu kwa umri. Lakini kuigeuza skrini ya mtu mzima mbele ya vijana ambao kuanzia kesho natakiwa kuwafundisha ni jambo ambalo hata mzazi hamfanyii mwanawe. Hivi kweli nilipwe mimi au kilipwe kiprogramu? Ndivyo alivyosema.

Fundi wa Mianzini

Pole sana mkuu, huyo bwana tunamfahamu wote. Kwetu alikuja kurekebisha ratiba ya bakapu, na kijana wetu alipotaka kwanza kuangalia maelezo alimwambia akae kando aone wanaume wanavyofanya kazi. Kisha akaandika crontab -r mahali pa crontab -e. Herufi hizo mbili zimekaa jirani kwenye kibodi. Moja inafungua ratiba uihariri, nyingine inaifuta yote papo hapo bila kuuliza swali. Bakapu za usiku zilikoma, na hakuna aliyegundua mpaka mhasibu alipotafuta faili lililopotea. Alipoulizwa, alisema umeme ulikatika.

Mpenda Man

Mleta uzi umelia kwa maneno mengi kuliko ukurasa wa man bash, yaani mwongozo wa bash uliomo ndani ya mashine, na wote tunajua urefu wa ukurasa ule. Aliyekudharau amekosea namna ya kusema, lakini hata mimi ningekuuliza kwa nini unasoma muhtasari wakati mwongozo kamili upo kwenye mashine hiyo hiyo. Mwongozo wa kwanza wa mfumo endeshi wa Unix una tarehe ya 3 Novemba 1971, na uliandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie wenyewe pale Bell Labs, Marekani. Andika man rsync, bonyeza mkwaju, andika --delete, kisha bonyeza n uendelee kutafuta. Utakuta kila onyo limeandikwa. Hizo kurasa za tldr zilianza mwaka 2013 tu, zinaandikwa na watu wa kujitolea, na kwa makusudi zinakuonyesha mifano michache ya matumizi ya kawaida. Mfano ukikosekana utafanya nini, utamwita dada wa maandazi?

Mkazi wa Sakina

Mkuu, man ninaisoma, na wala sikatai kwamba ndiyo mama wa yote. Lakini mimi sikuwa ninajifunza rsync. Nilikuwa ninahakikisha mkwaju. Mtu aliyekwisha kuijua amri anahitaji kuona umbo lake tu, na kwa kazi hiyo kurasa fupi zinatosha kabisa. Zaidi ya hayo, programu ninayozisomea inahifadhi kurasa zote kwenye diski, kwa hiyo hata bando likiisha au mtandao wa ofisi ukikatika zinasomeka. Hayo yote ningemweleza angeniuliza. Hakuniuliza. Aligeuza skrini, akawaambia watoto wa watu kwamba mshahara wangu kipewe kiprogramu. Unaelewa maana ya kuigeuza skrini? Iliwatazama wao, na mimi nikabaki ninatazama nyaya za nyuma.

Dada wa Zamu ya Usiku

Kaka pole, ila sisi wa Moshi tuna msiba mkubwa kuliko wako. Wetu hasomi man, hasomi tldr, hasomi hata ujumbe wa kosa unaotokea mbele ya macho yake. Alitaka kuniongeza kwenye kundi la watumiaji wanaoruhusiwa kutumia programu ya docker, akaandika usermod -G docker na jina langu, bila ile -a. Asiyefahamu afahamu leo: bila -a, amri hiyo haiongezi kundi, inabadilisha orodha nzima, hivyo makundi mengine yote uliyoongezwa yanaondoka, likiwemo la sudo linalokupa mamlaka ya msimamizi. Nililala nikiwa msimamizi wa seva, nikaamka siwezi hata kuiwasha upya. Nilipomweleza alisema mimi ndiye niliyegusa kitu. Ukurasa wenyewe wa mwongozo unasema jambo hili waziwazi. Angesoma mistari miwili tu, mimi nisingepanda gari kutoka Pasua saa kumi alfajiri.

Fundi wa Mianzini

Dada, huyo wenu na huyo wa kwetu lazima wamezaliwa siku moja.

Mzee wa Disketi

Vijana wangu, ninyi mnabishana kuhusu vitu vya juzi. Sisi tulioanza na DOS, mfumo endeshi wa zamani, tulikuwa na vitabu vinene vya mwongozo vilivyofungiwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao mkuu wa idara peke yake, ambaye naye alikuwa safarini muda wote. Ilipokuja MS-DOS 5.0 mwaka 1991, ukawa unaweza kuandika amri, ukaweka /? baada yake, na maelezo yakatoka pale pale. Siku ile tulishangilia, na hakuna aliyemwita mwenzake mdesaji. Mleta uzi, mwambie huyo bwana kwamba watengenezaji wenyewe wa mfumo waliweka msaada ndani kwa sababu walijua hakuna kichwa kinachobeba vyote.

Mwanachuo wa Kiboriloni

Shikamoo mzee wetu. Naomba nami nitoe dukuduku langu, kwa kuwa wakubwa mnaonewa na wasimamizi lakini sisi tunaonewa kwenye karatasi. Chuoni kwetu mtihani wa mifumo endeshi unaandikwa kwa kalamu. Hakuna kompyuta, hakuna man, hakuna chochote. Unakariri amri na herufi zake zote, kisha mwalimu anasahihisha akiwa ameshika mwongozo wake mkononi. Kwenye amri ya kuorodhesha mafaili mimi niliandika ls -al, akanipa sifuri, kwa sababu kwenye mwongozo wake imeandikwa ls -la. Nilimfuata ofisini, nikamwonyesha kwenye kompyuta yake mwenyewe kwamba matokeo ni yale yale, akanijibu kwamba mtihani ulishafungwa.

Mzee wa Disketi

Marahaba mwanangu. Hiyo ni dhuluma ya wazi kabisa, andika barua ya rufaa.

Mpenda Man

Hapa ninakuunga mkono, kijana. Herufi za ls hazina foleni, zipange utakavyo. Mwalimu anayekata alama kwa sababu hiyo hajawahi kufungua ukurasa wa ls hata siku moja.

Mkazi wa Sakina

Wakuu, ninaomba turudi kwenye mada. Nimefika nyumbani, nimeshindwa kula, na sauti bado iko masikioni: "tukulipe wewe au tukilipe hicho kiprogramu?" Kesho saa mbili asubuhi wanafunzi wale wale watakaa mbele yangu, na somo la kwanza ni jinsi ya kutafuta msaada wa amri. Nitawaambia nini, ilhali wameshaona skrini ikigeuzwa?

Dada wa Zamu ya Usiku

Waambie ukweli, kaka, kwamba aliyesoma ndiye ambaye diski yake bado ina picha. Mwanachuo, hebu nikuulize, huyo mwalimu wenu tar, ile amri ya kufunga mafaili pamoja, anaisahihishaje?

Mwanachuo wa Kiboriloni

Dada, usiniguse kidonda. Niliandika tar -cfz nakala.tar.gz picha, akaweka mkasi mwekundu wenye ukubwa wa ukurasa mzima. Na ninyi mmekubali kwamba mpangilio wa herufi haujalishi.

Mpenda Man

Hapo mwalimu yuko sahihi, usichanganye mambo. Tulizungumzia ls. Kwenye tar, herufi f inadai jina la faili mara baada yake, kwa hiyo ukiandika -cfz umeiambia itengeneze faili linaloitwa z, kisha iingize ndani yake nakala.tar.gz, ambalo halipo. Ungeandika -czf.

Fundi wa Mianzini

Ngoja kwanza mkuu, mimi ninaandika cfz kila siku na haijanigomea.

Mpenda Man

Unaweka kistari au huweki?

Fundi wa Mianzini

Siweki.

Mpenda Man

Basi ndiyo sababu. Bila kistari, tar inafuata mtindo wa zamani, ambapo herufi zote zinakaa pamoja na majina yanafuata baadaye, hivyo cfz inakubalika. Ukiweka kistari, sheria inabadilika.

Mwanachuo wa Kiboriloni

Kwa hiyo nimekosa alama zote za swali zima kwa sababu ya kistari? Wakuu, kuna anayejua namna ya kuandika hiyo barua ya rufaa? Mwisho wa kuzipokea ni Ijumaa.

Mzee wa Disketi

Ya ls utashinda, mwanangu. Hii ya tar usiitaje kabisa kwenye barua. Nitumie rasimu kwa ujumbe wa faragha niipitie.